Simu Nne za Jumatano

Cirhuza fundi redio alikuwa na kasoro moja, na afadhali tuitaje mapema: hakujua kumfundisha mtu. Redio iliyonyamaza miaka mitatu angeifungua, angepuliza vumbi, angegusa hapa na pale, na kabla mwenyewe hajamaliza chai yake habari zingekuwa zinasikika. Lakini mwulize amefanyaje. Angekutazama kama umemwuliza namna ya kupumua. "Inajieleza yenyewe," angesema, kisha angekugeuzia mgongo na kuendelea na waya zake. Watu wa soko la Rumonge walikuwa wamemzoea hivyo, na walimpelekea vitu vyao kwa sababu hakuwa mwizi wa vipuri, sifa ambayo si ya kila fundi.

Alikuwa ametoka Kivu ya Kusini pamoja na kaka yake Jephté, mwaka ule vita vya kwao vilipowavusha ziwa. Ng'ambo hii wakakuta vita vingine vinaendelea, wala hawakuwa na nguvu ya kukimbia tena. Cirhuza akafungua kibanda mjini. Jephté akaenda Kizuka kukata chikichi, akakata miaka mitano, mpaka mwenye mashine ya kukamua akamweka kwenye usukani wa lori lake la mawese. Wazazi wao walikuwa wamekufa zamani, na hapakuwa na mtoto wa tatu.

Sasa nikueleze jambo ambalo Cirhuza hakumweleza mtu yeyote kwa karibu mwaka mzima.

Minara ya simu ilikuwa ndiyo kwanza imejengwa kando ya ziwa. Jumamosi moja Cirhuza alimpa kaka yake simu aliyoitengeneza mwenyewe, simu nzito yenye vitufe viwili vikubwa chini ya kioo, kimoja cha kijani na kingine chekundu. Jephté aliigeuzageuza akauliza itakuwaje ikilia. "Utaitika tu, yaya," alisema Cirhuza, kwa maana hivyo ndivyo walivyoitana, mdogo akimwita mkubwa yaya. Hakumwonyesha zaidi ya hapo. Namba hiyo aliijua Cirhuza peke yake.

Jumatatu waligombana, tena mlangoni kwa Jephté, mbele ya mkewe Sikujua na majirani. Barabara ya Bujumbura ilikuwa imeharibika wiki hizo; magari yalipigwa risasi mchana kweupe. Cirhuza alitaka kaka yake aliache lile lori hata kwa mwezi mmoja. Jephté akasema watoto hawali mwezi ujao, wanakula leo. Maneno yakapanda, na Cirhuza, ambaye hasira zake zilikuwa karibu, akasema neno ambalo siku zile hata mlevi hakuthubutu kulisema.

"Basi uende. Siku watakuua, usingoje mimi nije kukuokota."

Jephté akarudi ndani hatua moja. "Usinitafute tena," akasema, na akafunga mlango.

Jumatano lori likaondoka asubuhi. Saa nne mtu wa pikipiki akaingia sokoni kutoka upande wa Bujumbura, akasema watu wenye bunduki wametanda barabarani huko mbele. Cirhuza akaipata simu yake, akapiga. Ikalia mara mbili, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Ya tatu, ikakatwa. Ya nne pia. Alipopiga ya tano simu ya kaka yake haikupatikana tena.

Jephté aliuawa kabla ya adhuhuri. Na aliyekwenda kumwokota alikuwa Cirhuza huyo huyo.

Alilia kama watu wote walivyolia, akachimba, akabeba, akasimamia kila kitu. Lakini ndani yake alikuwa na lile jambo la simu nne. Kaka yake alijua ni nani anayempigia, na alizikata zote. Alikuwa amesema asitafutwe, na alishika neno lake mpaka mwisho. Alikufa akimkataa. Hivyo ndivyo Cirhuza alivyoamini, na nakuhakikishia mtu anaweza kutengeneza redio mia mbili kwa mwaka na jambo kama hilo lisimtoke kifuani.

Mwaka ukawa unakaribia kutimia. Kwao, siku ya kuondoa matanga, ndugu wa tumbo moja na marehemu husimama mbele ya watu akasema kwamba aliyekwenda alikwenda bila kinyongo na nyumba yake. Akishasema hivyo mjane huvua nguo za msiba, maisha yakaendelea. Asiposema, mjane hubaki alivyo. Siku yenyewe ilipangwa iwe Jumapili. Sikujua alikuja kibandani kumwomba shemeji yake asimame, na Cirhuza akamjibu, macho yakiwa kwenye waya, atafute mtu mwingine.

"Mutu mwingine ni nani, shemeji?" akauliza Sikujua. "Mulikuwa wawili tu."

Cirhuza akaendelea kukaza waya. Angesimama aseme nini? Kwamba hapakuwa na kinyongo, na yeye alikuwa na simu nne zilizokatwa? Uongo wa namna hiyo hausemwi juu ya mtu aliyekufa. Sikujua akaondoka bila kuaga, na alikuwa na haki.

Kesho yake, Jumanne, akaja Chanceline.

Alitoka Bujumbura kwa msafara wa magari yaliyosindikizwa na askari, msichana wa miaka ishirini na sita hivi, mwenye miwani na begi lililojaa simu. Ofisi iliyomtuma ilitaka kujua kwa nini watu wa mwambao wananunua simu halafu zinalala kabatini. Ilitaka pia kujua kama kuna njia nyingine ya mtu kuelewana na kile kidude, bila herufi na orodha za Kifaransa: labda kwa picha, labda kwa rangi, labda kwa mtetemo. Aliita kazi hiyo utafiti, na alikuwa na daftari zuri la mistari kwa ajili yake. Akatafuta mtu anayezijua simu na anayejulikana na watu, naye kila aliyemwuliza akamwelekeza kwa Cirhuza. Cirhuza alikubali haraka, maana alitaka kuwa popote isipokuwa kibandani, ambako shemeji yake angeweza kurudi.

Jaribio la kwanza lilikuwa rahisi hata kuchekesha. Chanceline alimpa mtu simu, akaipigia kwa simu nyingine, akasema neno moja tu: itika. Kisha akatazama kidole kinakwenda wapi, akaandika.

Rahisi kwake, lakini kwa Cirhuza ilikuwa adhabu. Mshona viatu wa kwanza aliigeuza simu juu chini, na kabla hajaigeuza tena Cirhuza alishamnyang'anya na kufinya mwenyewe.

"Papa Cirhuza, usimusaidie," alisema Chanceline kwa upole. "Acha tuone."

"Lakini anakosea."

"Ndiyo. Tuache akosee, tujue anafikiri nini."

Hilo lilikuwa jambo jipya kwa Cirhuza. Siku mbili nzima, sokoni na kwenye maduka, alikaa mikono nyuma akitazama watu wanavyohangaika na kitu alichodhani kinajieleza chenyewe. Aliona mama mmoja akiiambia simu "nakuja" na kuiweka chini. Aliona mzee akitafuta pa kuzungushia, kama kwenye redio. Wengi mjini walifinya kijani, na walipoulizwa sababu walisema wamewaona wengine wakifanya hivyo. Hapakuwa na hata mmoja aliyesema kitufe ndicho kilichomwambia. Jioni ya Jumatano Cirhuza alijikuta anawaza watu wangapi amewarudishia vitu vyao bila kuwaonyesha chochote, na haikumpendeza.

Alhamisi wakaenda Kizuka, kwenye mashine ya kukamua. Chikichi zilikuwa zinachemka kwenye mapipa, moshi umetanda, na watu wote, wake kwa waume, walikuwa wekundu wa mafuta mpaka viwikoni. Msimamizi wao alikuwa Salima, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamuru, ambaye miaka yote alikuwa akiamua mkungu upi uingie na upi urudishwe. Chanceline akampa simu ya kwanza. Ikalia. Salima akapangusa dole gumba kwenye kitenge, akafinya chekundu bila kusita, akaiweka sikioni.

"Allô," akasema. Akangoja. "Allô. Mbona hawasemi?"

Wa pili akafinya chekundu, na wa tatu pia. Walijaribiwa watu kumi na wanne, na kumi na mmoja kati yao walifinya chekundu, wakaiweka simu sikioni, wakasema allô kwa heshima zote, wakingoja sauti ambayo walikuwa wameikata wao wenyewe. Chanceline aliandika "kosa" mara kumi na moja kwenye daftari lake.

"Huku hawajui kabisa," akamnong'oneza Cirhuza.

Cirhuza hakusikia. Alikuwa anamtazama Salima. "Mama Salima," akasema, "kwa nini umefinya nyekundu?"

Salima akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu mzima aliyeuliza maji ni nini.

"Hii ingine iko rangi ya majani," akasema. "Iko mbichi. Utakata mbichi ufanyie nini? Nyekundu ndiyo imeiva. Ukiona nyekundu, unakata, unaleta. Hata mutoto wa hapa anajua."

Cirhuza akasimama. Akapita katikati ya mapipa, akaingia kwenye michikichi, akaenda mpaka pale kelele za mashine zilipofifia, akakaa chini na nguo zake safi. Miaka mitano. Kaka yake alikata chikichi hapa hapa miaka mitano, asubuhi na jioni, jicho lake likitafuta rangi moja tu. Nyekundu, kata. Kijani, acha, bado. Na yeye fundi mwenye akili akampa simu na kumwambia utaitika tu.

Chanceline alimfuata, akamkuta analia bila kujificha. Akakaa naye. Na Cirhuza, ambaye hakumwambia mtu kwa mwaka mzima, alimwambia msichana aliyemjua kwa siku tatu tu: ugomvi, mlango uliofungwa, mtu wa pikipiki, simu nne.

Mtu mwingine angesema mara moja, unaona, papa, hakukukataa, futa machozi. Chanceline hakusema hivyo. Alivua miwani akaifuta kwanza.

"Inawezekana ni hivyo," akasema. "Lakini watu kumi na mmoja si yeye. Sitaki nikuambie kitu nisichokijua. Nani alikuwa naye ndani ya lori?"

"Rachidi. Utingo wake. Alipigwa risasi ya mguu, akaokoka."

"Ulimuuliza?"

Hakuwahi. Aliogopa kusikia kaka yake alisema nini alipokuwa anakata.

Ijumaa mchana wakaenda Gatete. Rachidi alikuwa amekaa kibarazani anashona nyavu, mguu mmoja umenyooshwa, na alipomwona Cirhuza aliinamisha kichwa. Waliamkiana, wakapewa viti, wakaulizana habari za nyumba zote mbili mpaka zikaisha. Kisha Cirhuza akauliza kuhusu simu.

"Ililia," akasema Rachidi. "Jephté akacheka. Akasema, ni Cirhuza, hii namba iko kwake peke yake. Akafinya, akatia ku sikio, akasema, allô, mudogo wangu. Ikanyamaza. Ikalia tena, akafinya tena. Allô, allô. Nikamwambia pengine réseau ya simu iko mubaya. Ya tatu vile vile. Ya ine vile vile."

"Alifinya wapi?" aliuliza Chanceline.

"Ku nyekundu," akasema Rachidi, akishangaa swali lenyewe. Yeye naye alizaliwa chini ya michikichi. "Wapi tena?"

Cirhuza alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. "Alisema nini, Rachidi? Kabla ya ile mambo, alisema nini?"

"Alikuwa na furaha. Alisema, nilimukataza asinitafute, na ona vile ananitafuta. Akasema tukirudi atapita kwako kwanza, kabla ya kufika kwake. Akaanza kuimba zile nyimbo zenu za kanisa. Ndiyo tukafika pale." Rachidi akaweka nyavu chini. "Sikukuja kukuambia sababu nilidhani mulishapatana. Na niliona haya, papa. Mimi nilikimbia. Yeye alibaki ku usukani."

Ningependa kusema kwamba Cirhuza alitoka pale mwepesi. Hakutoka hivyo. Walipofika karibu na mji akasema, "Kwa hiyo alitaka kunisikia. Ningemwonyesha kitufe kimoja, angenisikia, angegeuza lori." Mzigo mmoja ulishuka na mwingine ukapanda palepale, na huu wa pili ulikuwa wa kweli. Chanceline hakuupunguza kwa maneno. Alitoa daftari, akayakata yale makosa kumi na moja kwa mstari mmoja mmoja, akamwuliza aandike nini badala yake.

"Andika vile Mama Salima alisema," akajibu Cirhuza. "Nyekundu imeiva."

Jumamosi alinunua chupa mbili za rangi ya kucha sokoni, nyekundu na nyeusi, na wauzaji walimtania mpaka wakachoka. Akafungua simu mbili za Chanceline. Kitufe cha kuitikia akakipaka nyekundu, cha kukata akakipaka nyeusi kama chikichi changa, maana si zote changa zina kijani. Wakarudi Kizuka na watu wale wale. Kumi na watatu waliitika, wakaongea, wakacheka kusikia sauti ya Chanceline inatoka mkononi na yeye wanamwona. Wa kumi na nne alikuwa mzee aliyesema haongei na vyombo, na Chanceline aliandika hilo pia, neno kwa neno.

Jumapili ikafika. Uani kwa Sikujua palijaa watu: wa kanisani, wa mashine, majirani, hata Rachidi alikuja na mkongojo. Sikujua alikaa mkekani na nguo zake nyeusi, hajui kama kuna atakayesimama. Muda ulipofika watu wakaketi. Cirhuza akasimama.

Alisema kaka yake alikwenda bila kinyongo na nyumba yake, wala na mkewe, wala na mdogo wake. Akaeleza alivyojua. Alitaja ugomvi, ambao wengi waliusikia, na simu nne, ambazo hakuna aliyezijua, na kitufe. Watu wa Kizuka wakaangalia vidole vyao. Kisha akamgeukia Sikujua.

"Yeye alikwenda bila deni na mimi," akasema. "Mimi ndiye niko na deni kwake na kwako. Nilimupa kitu na sikumufundisha. Nilijiona najua, nikadhani kila mutu anaona vile naona. Unisamehe, shemeji, kama unaweza."

Watu wakaanza kusogeza miguu, wakimtazama Sikujua. Naye alikuwa amekamua mawese tangu alipovuka ziwa. Aliingiza mkono kwenye nguo zake, akatoa simu ya mumewe, ambayo alikuwa ameitunza mwaka mzima bila kuiwasha, akavitazama vile vitufe viwili.

"Na mimi ningefinya nyekundu," akasema.

Wapo waliolia hapo. Yeye hakulia. Akamnyooshea shemeji yake ile simu. "Jumanne naanza kupeleka mafuta Bujumbura, ku ule musafara wa askari. Basi nionyeshe."

Cirhuza, aliyekuja amejiandaa, akaipachika betri aliyoichaji, akaiwasha, akatoa zile chupa mbili ndogo mfukoni. Akapaka vitufe polepole, cha kuitikia nyekundu na cha kukata nyeusi, akapuliza. Kisha akapiga magoti mkekani mbele yake na kumweleza: hiki kinaitika, hiki kinakata, ukisikia inalia usiangalie kioo, tafuta ile iliyoiva. Alieleza mara ya kwanza, akaeleza mara ya pili, na Sikujua alipouliza swali hakusema inajieleza yenyewe. Akaeleza mara ya tatu.

Kisha akaenda mpaka mwisho wa ua, akawapa watu mgongo, akapiga. Ikalia mara mbili. Kwa miguu yake miwili alikuwa amesimama uani, lakini moyo ulikuwa umerudi Jumatano ile saa nne, unangoja ikatwe.

"Allô," ikasema sauti ya Sikujua sikioni mwake. "Allô, shemeji. Nakusikia."

Cirhuza alifungua kinywa na neno likakosa kutoka. Sikujua hakukata. Alimngoja kule mkekani, dole gumba lake likiwa na rangi mbichi, simu imeshikwa sikioni kwa mikono miwili.

"Sina cha kusema," akasema Cirhuza mwishowe. "Nilikuwa nakutafuta tu."